Goma–Kinshasa: kilometa ni zile zile, lakini safari imezidi mara mbili

Fungua simu yako na uulize intaneti: kutoka uwanja wa ndege wa Goma mpaka ule wa N'djili, Kinshasa, ni umbali gani? Jibu linakuja mara moja: kilometa karibu 1.560 kwa njia ya anga, safari ya masaa mawili na nusu. Kwenye ramani jibu hilo ni sawa kabisa. Lakini kwa mkaaji wa Goma, tangu mwisho wa mwezi wa Januari 2025, jibu hilo halina kazi. Waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja ukafungwa, na hakuna tena ndege ya abiria inayoruka kwenda mji mkuu wa inchi.

Watu wengi wanaongea juu ya vita kwa kuhesabu vijiji vilivyochukuliwa na askari waliokufa. Leo tunataka kuhesabu kitu kingine: kilometa na masaa. Hesabu hizo hazina chama wala kabila. Zinaonyesha vizuri mzigo ambao mwanainchi wa kawaida anabeba kila mara anapotaka kufika Kinshasa kwa matibabu, kwa masomo, kwa kazi ao kwa kilio.

Hesabu ya ndege ni rahisi

Tuanze na namna umbali huo unavyopimwa. Ndege haifuati barabara, milima wala mito. Wataalamu wanapima mustari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia kati ya viwanja viwili. Huku kwetu, kwa sababu tuko karibu na ikweta, mustari huo karibu unafanana na ule ambao mtoto wa shule angeuchora kwa rula kwenye ramani: unatoka Goma kandokando ya ziwa Kivu, unapita juu ya misitu ya Maniema na ya Kasai, unashuka kidogo kusini na kuishia Kinshasa.

Ndege kubwa ya injini za jeti inakwenda karibu kilometa 800 kwa saa moja inapokuwa juu. Ukigawanya kilometa 1.560 kwa 800, unapata masaa karibu mawili. Ongeza karibu nusu saa ya kutembea kwenye kiwanja, kupanda, kushuka na kusubiri ruhusa ya kutua. Ndiyo masaa mawili na nusu ambayo watu wa Goma walizoea.

Wasafiri wanajua pia mchezo wa saa ya mkono. Mashariki mwa inchi tunatangulia Kinshasa kwa saa moja. Mtu aliyeondoka Goma saa ine ya asubuhi (10:00) alifika Kinshasa na kukuta saa za kule ni 11:30, kana kwamba alisafiri saa moja na nusu tu. Wakati wa kurudi, saa ilimlipisha deni: aliondoka Kinshasa 10:00 na kushuka Goma 13:30. Mwili ulisafiri masaa yale yale mawili na nusu, kwenda na kurudi.

Viwanja vingine vya kwetu navyo vina hesabu yao. Goma na Kavumu, uwanja wa Bukavu, ni kilometa karibu 85 kwa anga. Ndege inachukua nusu saa hivi, wakati boti ya mbio kwenye ziwa inachukua masaa kama matatu. Goma na Mavivi, uwanja wa Beni, ni kilometa karibu 250, safari isiyofikisha saa moja. Goma na Kisangani ni karibu kilometa 500. Goma na Bunia ni karibu 375. Katika eneo ambalo barabara zinakatwa na mvua, na vita vinafunga zile ambazo mvua haikukata, viwanja hivi ndivyo vilikuwa daraja letu.

Daraja hilo limevunjika katikati. Goma imefungwa tangu Januari 2025. Kavumu nao ulichukuliwa na M23 katikati ya mwezi wa Februari 2025, siku chache kabla ya mji wa Bukavu. Miji miwili mikubwa kuliko yote ya Kivu ikabaki bila ndege ya abiria.

Kuipa Kinshasa mgongo ili kufika Kinshasa

Sasa tuchukue mfano wa mama mmoja wa mtaa wa Katindo ambaye mtoto wake anahitaji kuonwa na daktari wa Kinshasa. Afanye nini?

Njia ambayo wengi wanafuata ni ya Kigali. Asubuhi mapema anafika kwenye Grande Barrière, anapanga foleni, anaonyesha karatasi, anavuka. Kutoka Gisenyi mpaka Kigali ni kilometa karibu 155 za barabara yenye kona nyingi: masaa matatu mpaka mane kwa basi. Kwa mustari wa anga, uwanja wa Kigali uko karibu kilometa 105 tu na ule wa Goma. Lakini mama huyu hana mabawa.

Kigali hapati ndege ya moja kwa moja ya kwenda Kinshasa. Tangu mwezi wa Mei 2022, serikali ya Kongo ilisimamisha safari za shirika la ndege la Rwanda kwenye inchi yetu, na mwezi wa Februari 2025 ilifunga anga lake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Ni haki ya inchi iliyoshambuliwa kufanya hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mama wetu anapaswa kutafuta inchi ya tatu: Kenya ao Ethiopia.

Akipitia Nairobi, anaruka kwanza karibu kilometa 760 kuelekea mashariki, kisha anarudi karibu kilometa 2.400 kuelekea magharibi. Jumla ni kama kilometa 3.160 angani, mara mbili ya safari ya zamani. Akipitia Addis-Abeba, hesabu inashangaza zaidi. Kutoka Kigali mpaka Addis-Abeba ni kilometa karibu 1.550. Msomaji aangalie vizuri namba hiyo: ni karibu sawa na safari nzima ya Goma–Kinshasa, lakini kwa upande wa kinyume. Yaani mama huyu anatumia kilometa zote ambazo zingemfikisha Kinshasa, na mwisho wake anajikuta mbali zaidi na Kinshasa kuliko alivyokuwa nyumbani. Toka hapo bado kilometa karibu 3.000 zinamsubiri. Jumla inapita 4.500, karibu mara tatu ya njia ya haki.

Na masaa? Kupitia Nairobi, kukaa angani peke yake kunachukua karibu masaa matano. Ongeza barabara ya Kigali, foleni ya mpaka, masaa matatu ya kufika mapema kwenye uwanja, na masaa ya kusubiri ndege ya pili. Safari ya masaa mawili na nusu inakula siku nzima, na kama ndege hazifuatani vizuri, inakula usiku pia. Mgonjwa analala kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa inchi ya kigeni ili afike katika mji mkuu wa inchi yake mwenyewe.

Kuna na jambo la karatasi. Kwa safari ya Goma–Kinshasa, karata ya mpiga kura ilitosha. Kwa kupitia inchi mbili za kigeni, unahitaji pasipoti iliyo hai na karata ya chanjo ya homa ya manjano, na fedha za kigeni mfukoni. Tangu lini Mkongomani anahitaji pasipoti ili atoke Kivu ya Kaskazini aende Kinshasa? Na yule asiyekuwa nayo, ataipata wapi, wakati afisi za serikali ya Kinshasa hazifanyi kazi tena mjini Goma?

Wengine wanaamua kubaki ndani ya inchi. Wanapanda kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2: Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero, Butembo, mpaka Beni, ili watafute ndege Mavivi. Ni kilometa karibu 350 za barabara. Zamani mtu aliyekuwa na gari nzuri na bahati nzuri alizimaliza kwa siku moja ao mbili. Leo barabara hiyo inapita kutoka sehemu ya waasi kuingia sehemu ya jeshi la serikali, na katikati kuna vizuizi, makundi yenye silaha, na woga wa kuulizwa: wewe ni wa upande gani? Kilometa hizo hakuna mashine inayoweza kuzihesabu.

Nani analipa

Kila saa inayoongezeka ina mtu anayeilipa. Tajiri analalamika, anatoa dola, anafika. Mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, mjane anayetaka kuzika mume wake, hao wanakaa. Ndugu wanafuata mazishi kwa simu. Vijana waliopata nafasi katika chuo kikuu cha Kinshasa wanachelewa ao wanaacha. Familia ambazo baba yuko Kinshasa na mama yuko Goma zimekuwa kama familia za ughaibuni, na bado wote wana bendera moja.

Biashara nayo inalipa. Zamani fromaji ya Masisi iliondoka Goma kwa ndege ikafika kwenye soko la Kinshasa ingali nzuri. Toka Kinshasa zilikuja dawa, vipuri vya mashine, karatasi za afisi na noti za benki. Ndege ndogo zilitoka Walikale na sehemu zingine zisizokuwa na barabara, zikapakua na kupakia Goma. Dereva wa taksi, mubeba mizigo, mama muuza chakula mbele ya uwanja, muuza tiketi: wote hao walikuwa wanakula kwa uwanja ule. Kufunga uwanja ni kufunga sahani zao.

Na juu ya yote kuna wagonjwa na majeruhi. Mashirika ya msaada yamesema tangu siku za kwanza kwamba bila uwanja wa Goma, dawa na wapasuaji wanafika kwa kuchelewa na kwa bei kubwa. Mzigo ambao ungetua mjini kwa ndege unapitia viwanja vya inchi za jirani, kisha malori, kisha mpaka, kisha malori tena. Jeraha la risasi halisubiri karatasi za forodha.

Wazee wetu watasema: hii si mara ya kwanza. Ni kweli. Wakati wa vita vya mwaka 1998 mpaka 2003, Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD, na safari ya kawaida kwenda Kinshasa ilikatika. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake mpaka ndani ya uwanja na kufunika sehemu ya kiwanja cha kutulia. Kwa miaka mingi ndege zilitua kwenye kiwanja kilichofupishwa. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege moja ilishindwa kuruka na kuingia ndani ya mtaa wa Birere, watu wakafa ndani ya ndege na sokoni. Uwanja huu umejua moto, mawe na maombolezo. Kila mara watu wa Goma walipigana ili ufunguliwe tena, kwa sababu walijua mji bila uwanja ni kama nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo uko kwa jirani.

Kwa nini kufungua si kazi ya siku moja

Tuwe wakweli kwa wasomaji wetu. Kuna wanaosema: "Wafungue tu, ndege zije." Haiendi hivyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao inchi karibu zote za dunia zinafuata, unasema kila inchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Anga la Goma ni la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hata kama ardhi iko mikononi mwa M23. Bila ruhusa ya Kinshasa, hakuna shirika la kweli litakaloleta ndege yake, na hakuna bima itakayoilinda. Kwa upande mwingine, ruhusa ya Kinshasa bila ukubali wa wale wenye silaha kando ya kiwanja haitui ndege hata moja.

Ongeza kazi ya kiufundi: kuhakikisha hakuna mabomu yaliyobaki, kurudisha mitambo ya mnara wa kuongoza ndege, kuweka wazima moto, taa na mafuta, na kupata wafanyakazi waliofundishwa. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya RVA, shirika la serikali linaloangalia njia za anga. Nani atawalipa wafanyakazi hao? Nani atapiga muhuri kwenye karatasi ya abiria? Ni maswali madogo kwa macho, lakini ndiyo yanafunga uwanja kuliko mawe ya volkano.

Ndiyo sababu ahadi zimekwama. Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris juu ya eneo la Maziwa Makuu, Raisi Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za msaada katika majuma yanayokuja. Watu walifurahi kwa siku moja. M23 ilijibu kwamba haikuulizwa. Tarehe 15 Novemba 2025, serikali na M23 walitia sahihi mkataba wa msingi huko Doha, na humo ndani kuna mambo mengi ambayo bado yanapaswa kuzungumzwa. Mama wa Katindo bado anapanga foleni kwenye Grande Barrière.

Tunaomba nini

Hatuombi mtu yeyote aache haki yake. Serikali isiache mamlaka yake juu ya anga. Mazungumzo ya Doha na Washington yaendelee na kazi yake ya kurudisha amani na inchi nzima. Lakini tunakataa uwanja wa Goma uwekwe kwenye meza kama karata ya mwisho ya mchezo, ya kutupwa siku mambo mengine yote yatakapokwisha. Mgonjwa hana muda huo.

La kwanza, wagonjwa na dawa. Pande mbili zikubali ndege za msaada, mchana tu kama ni lazima, chini ya uangalizi wa watu wasiokuwa na upande, na mizigo ikaguliwe mbele ya macho ya wote ili asiwepo wa kusema kwamba silaha zinapitishwa. Ndege ya dawa haimpi mtu ushindi wa vita.

La pili, abiria wa kiraia. Kabla ya kufikia mkataba mkubwa, iandikwe wazi tarehe ya kuzungumzia ndege za abiria za ndani: nani ataongoza mnara, nani atakagua, nani atapokea kodi na kwa akaunti gani. Jambo lisilokuwa na tarehe huku kwetu linajulikana mwisho wake.

La tatu, na hili halihitaji mkataba wowote: wakati tunasubiri, mzigo upunguzwe. Serikali ya Kinshasa itafute njia ya kuwapa pasipoti ao karatasi ya safari watu wa Goma na Bukavu bila kuwazungusha, na bila kuwalipisha zaidi ya bei ya kawaida. Wale wanaoshika mpaka na barabara, kila upande, waache watu wapite bila malipo ya kificho. Na wauza tiketi wamwambie msafiri ukweli wote kabla hajatoa fedha: njia nzima, vituo vyote, masaa yote ya kusubiri, karatasi zote. Mtu akiuziwa "Goma–Kinshasa", ajue ananunua siku nzima na inchi mbili.

Inchi inashikana kwa mambo mengi: lugha, fedha, shule, mpira. Inashikana pia kwa uwezo wa mtu wa kutoka upande mmoja na kufika upande mwingine bila kuomba mlango kwa jirani. Goma haikuhama. Kinshasa haikuhama. Kati yao kuna kilometa 1.560 zile zile, na ndege ya masaa mawili na nusu bado inawezekana. Wenye kushika kalamu Doha, Kinshasa na Goma wanajua hesabu hiyo kama sisi. Waanze na ndege moja ya wagonjwa.